Hilo Tone si Lako: Kuchagua Chombo cha Kupimia Ujazo Maabara

Wakuu wa maabara, wakufunzi, mafundi sanifu, nanyi vijana mnaoanza kazi mwaka huu: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii asubuhi mapema, kabla kazi hazijamvuta kila mmoja upande wake.

Tazameni meza hii. Nimeweka bika, yaani kikombe cha kioo chenye mdomo mpana, silinda ya kupimia, na flaski ya ujazo, ile yenye shingo ndefu na mstari mmoja tu. Vyote vitatu vina alama ya mililita 100. Nikijaza maji hadi alama ya bika, nitakuwa na maji popote pale kati ya mililita 95 na 105, maana mistari ya bika huruhusiwa kukosea kwa asilimia 5 hivi. Nikitumia silinda ya daraja A, yaani daraja la usahihi wa juu, nitakuwa kati ya 99.5 na 100.5. Flaski ya daraja A itaniweka kati ya 99.9 na 100.1. Namba iliyochapwa ni moja, ila ahadi ni tatu, na kila moja ina uzito wake. Kwa hiyo kabla hujafungua kabati, jiulize: jibu ninalolitafuta linaweza kubeba kosa kiasi gani? Ukishapata jibu la swali hilo, chombo kinajichagua chenyewe.

Naomba mtu asitoke hapa akidhani bika ni chombo duni. Nimewaona vijana wakitayarisha sodiamu hidroksidi ya titresheni, yaani kupima kilichomo ndani ya sampuli kwa kuitilia myeyusho kidogo kidogo mpaka mmenyuko ukamilike, kwa flaski ya ujazo, wakikodolea macho mstari kwa dakika tano, wakiongeza tone baada ya tone. Myeyusho ule utahakikiwa baadaye kwa asidi yenye ukolezi unaojulikana, na ukolezi wake halisi utatoka hapo. Haina maana kuhangaika na sehemu ya kumi ya mililita katika kitu ambacho utakipima upya kesho. Silinda inatosha kabisa. Tena sodiamu hidroksidi ikiachwa ndani ya flaski siku nyingi hula kioo na kung'ang'aniza kizibo, na flaski nzuri inaharibika kwa kazi ambayo haikuwa yake.

Chukueni titresheni moja ya kawaida, ya pamanganeti kwa mfano, muone jinsi vyombo vinavyogawana kazi ndani ya kibarua kimoja. Sampuli yenyewe huchukuliwa kwa pipeti, ule mrija wa kuvutia kimiminika na kukiachia, kwa sababu kosa lolote katika sampuli linaingia moja kwa moja kwenye jibu. Asidi ya salfuriki ya kutia uchachu hupimwa kwa silinda, kwa sababu inatakiwa iwepo kwa wingi tu, na ikizidi mililita moja hakuna anayeumia. Maji unayosuuzia kuta za chupa ya koni hayapimwi hata kidogo. Yanaongeza ujazo, lakini hayaongezi wala kupunguza kile kilicho ndani ya sampuli. Pamanganeti inatoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye mistari na koki chini, kwa sababu hujui mapema utatumia kiasi gani. Mtu anayepima vyote vinne kwa uangalifu uleule anapoteza muda, na mara nyingi uangalifu unamwishia kabla hajaifikia sampuli.

Sasa niwasimulie jambo lililonifika mimi mwenyewe, kwa sababu yote niliyoyajua kuhusu pipeti kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeyasoma tu.

Nilikuwa na miezi michache kazini. Tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja fundi sanifu aliyekaa maabara kuliko umri wangu, tukipima asidi katika sampuli zilezile. Kila mmoja alivuta mililita 10 kwa pipeti yenye tumbo katikati, akaititreti kwa myeyusho uleule wa bureti. Yeye alipata mililita 21.30. Mimi nikapata 21.40. Tukarudia. Yeye 21.30, mimi 21.40. Siku ya pili vilevile. Tofauti ya karibu nusu asilimia, haiyumbi, haiondoki. Mtu akiwa na mkono mbaya, majibu yake hutawanyika huku na huku. Majibu yangu yalikuwa yamekaa pamoja vizuri kuliko hata yake, na hilo ndilo lililonipa kiburi.

Nikaamua kuthibitisha. Nikaweka bika tupu juu ya mizani, nikavuta maji yaliyotoneshwa kwa pipeti yangu, nikayaachia ndani. Mizani ikasoma gramu 10.00. Nikarudia, 10.01. Nikarudia tena, 10.00. Maji mililita 10, gramu 10: kila mtoto wa shule anajua hivyo. Nikamwita yule mama nikamwonyesha, nikijiona nimeshinda kesi.

Hakubishana. Akauliza, "Maji hayo yana joto gani?" Nikatumbukiza kipimajoto: 25 °C. Akafungua daftari lake, lenye jedwali la nyuzijoto na tarakimu, akaweka kidole kwenye mstari. Maji ya 25 °C si gramu 1 kwa mililita. Ni gramu 0.997. Ukiyapima hewani, hewa nayo inayanyanyua kidogo sana, kwa hiyo mililita 10 kamili zinatakiwa zisome gramu 9.96 tu. Pipeti yangu ilikuwa imetoa maji zaidi ya mililita 10.04. Ile 10.00 niliyoishangilia ndiyo iliyonishitaki.

Kisha akasema, "Nivutie tena, nikuone." Nikavuta hadi juu ya mstari, nikapangusa ncha, nikashusha mpaka mbonyeo wa maji, yaani uso wake uliopinda, ukagusa mstari, nikaachia. Maji yakashuka. Pale mwisho kabisa kikabaki kile kijitone kinachong'ang'ania ndani ya ncha. Nikabonyeza balbu ya mpira, pff, nikakipuliza kikaingia.

"Hilo tone si lako, mwanangu," akasema. "Liache."

Nikamwuliza, "Mama, si nimelivuta mimi?" Akanielekeza nisome maandishi juu ya tumbo la pipeti, ambayo nilikuwa nimeyashika kila siku bila kuyasoma. Palikuwa na 10 ml, 20 °C, daraja A, na herufi mbili: Ex. Maana yake, pipeti hii imehesabiwa kwa kile inachokitoa. Aliyeitengeneza alijua kuna tone litabaki, akaliweka nje ya hesabu. Ukilipuliza unaingiza ujazo ambao mstari haukuuhesabu. Pipeti nzima inaruhusiwa kukosea mililita 0.02, na mimi kwa pumzi moja nilikuwa naongeza zaidi ya 0.04.

Someni herufi hizo kabla ya kitu kingine chochote. Chombo chenye Ex au TD kimehesabiwa kwa kile kinachotoka: pipeti na bureti ziko upande huo. Chombo chenye In au TC kimehesabiwa kwa kile kilichomo ndani, kama flaski ya ujazo. Ukijaza flaski hadi mstari, ndani yake mna mililita 100. Ukiimimina, haziwezi kutoka zote, kwa sababu kuta zinabaki zimelowa. Kwa hiyo anayepima mililita 100 kwenye flaski ili azihamishie chombo kingine amechagua vibaya, hata kama flaski yake ni ya daraja la juu kabisa. Ziko pia pipeti ambazo tone la mwisho linatakiwa kupulizwa. Hizo kwa kawaida huwa na pete mbili zilizochorwa karibu na mdomo wa juu. Maabara moja inaweza kuwa na za aina zote mbili ndani ya droo moja, na kwa kweli naona hatari hapo. Tenganisheni droo.

Kuhusu joto nitasema jambo moja linaloharibu kazi nyingi kimyakimya. Vyombo vingi vimehesabiwa kwa 20 °C. Viwango vya kimataifa vimeacha nafasi kwa nchi zilizochagua 27 °C kwa sababu ya joto lao, basi angalia chako kimeandikwaje. Kioo chenyewe hakitanuki kiasi cha kukusumbua, maji ndiyo yanayotanuka. Umeyeyusha kitu kinachotoa joto chenyewe, tuseme asidi ya salfuriki ndani ya maji. Flaski ya lita 1 bado ina uvuguvugu wa 30 °C, nawe una haraka, ukajaza hadi mstari. Ikipoa kufikia 20 °C, myeyusho utashuka chini ya mstari. Kama ungekuwa maji matupu ungepungua mililita 2.5 hivi, wakati flaski hiyo ya daraja A inaruhusiwa kukosea 0.4 tu. Haraka ya nusu saa imekutoza kosa mara sita ya lile ulilolinunulia chombo cha gharama. Acha ipoe, ndipo ujaze.

Sasa nije kwenye kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, nalo halina uhusiano na ubora wa chombo. Ni kutumia chombo kikubwa kwa kiasi kidogo.

Silinda ya mililita 100 ya daraja B, lililo chini ya A kwa usahihi, inaruhusiwa kukosea mililita 1. Ukipimia mililita 100, hiyo ni asilimia 1. Ukipimia mililita 5 kwa silinda hiyohiyo, mililita 1 imekuwa sehemu ya tano ya kila ulichonacho. Silinda haijabadilika. Wewe ndiye uliyeipeleka mahali ambapo haiwezi kukusaidia. Chagua chombo kidogo kuliko vyote kinachoweza kubeba ujazo wako kwa mkupuo mmoja. Na usijaribu kukwepa kwa kupima mara nyingi: mililita 50 kwa pipeti ya 10 ni mara tano za kukosea.

Bureti nayo ni hivyohivyo, ingawa watu huiamini kupita kiasi kwa sababu ya ile mistari yake myembamba. Bureti ya mililita 50 ya daraja A ina nafasi ya kukosea 0.05, ambayo ni kama tone moja. Titresheni ikiisha kwenye mililita 2, tone hilo ni asilimia 2.5 ya jibu lako. Ikiisha kwenye mililita 25, tone lilelile ni asilimia 0.2. Kwa hiyo ukiona titresheni inakwisha mara tu unapofungua koki, usianze kuilaumu bureti wala macho yako. Punguza ukolezi wa myeyusho ulio ndani ya bureti, au chukua sampuli zaidi, mpaka usomaji ukae kati ya 20 na 30 hivi. Au tafuta bureti ya mililita 10.

Usomaji wenyewe mnaujua: jicho lisawazike na uso wa kimiminika, usome sehemu ya chini ya mbonyeo. Ila pamanganeti ni nyeusi mno, chini haionekani, basi soma ukingo wa juu, na uusome huohuo mwanzo na mwisho. Tofauti ya masomo mawili ndiyo unayoitafuta, kwa hiyo hata kuanzia kwenye sifuri kamili si lazima.

Majina haya pipeti na bureti yana umri wa miaka 200. Joseph Louis Gay-Lussac wa Ufaransa aliyatumia katika maandishi yake ya mwaka 1824. Tangu hapo pipeti iliendelea kuvutwa kwa mdomo, kizazi baada ya kizazi, na watu wameugua kwa sababu hiyo. Mwaka 1957 Heinrich Schnitger, daktari wa Marburg nchini Ujerumani, aliomba hataza ya pipeti ndogo ya pistoni, yenye springi na ncha ya plastiki inayobadilishwa. Mikropipeti mlizonazo mifukoni ni watoto wake. Sitaki kusikia maabara yoyote bado inavuta kwa mdomo, hata kama ni maji. Mkono uliozoea kwa maji utasahau siku ya asidi.

Mikropipeti ina raha yake na mtego wake. Raha ni kwamba unazungusha kitufe, namba inabadilika, na unajiona umebadilisha chombo. Hujabadilisha. Ile ya mikrolita 1000 ambayo hukosea mikrolita 8 ina kosa la asilimia 0.8 ikijazwa yote. Ukiishusha hadi 100 huku kosa likibaki karibu na hizo 8, umefika asilimia 8. Kwa mikrolita 100 chukua ya 200 au ya 100. Mimi sishuki chini ya theluthi moja ya uwezo wa pipeti, labda pasiwe na nyingine jengo zima.

Na hapa wenzetu wa mikrobiolojia na wa damu wanisikilize vizuri. Mnapunguza ukolezi kwa hatua: sehemu moja ndani ya kumi, kisha moja ya hiyo ndani ya kumi, hivyohivyo mara sita. Pipeti ni ileile kila hatua, kwa hiyo kosa lake linaelekea upande uleule kila hatua. Kosa la asilimia 2, ambalo mtu angelipuuza, likirudiwa mara sita linazidiana hadi kupita asilimia 12. Hesabu ya bakteria inatoka na tofauti hiyo, na anayesoma ripoti hana njia ya kuijua. Kwa kazi ya hatua nyingi, afadhali hatua chache zenye ujazo mkubwa zaidi kama vifaa vinaruhusu, na pipeti iliyohakikiwa karibuni.

Mwisho, kimiminika chenyewe kina neno. Vyombo vyote nilivyovitaja vimehesabiwa kwa maji. Gliserini haitoki kwenye pipeti kama maji. Inaacha utando mnene ukutani, na hata ukisubiri dakika mbili, utando bado upo. Kwa gliserini mimi natumia mizani: kila mililita ni gramu 1.26, napima uzito, nagawanya, nimemaliza. Kuna wakati chombo bora cha kupima ujazo hakina hata mstari mmoja. Asetoni ndiyo kinyume chake. Unaivuta kwa mikropipeti, na kabla hujafika kwenye chupa imeanza kutona, kwa sababu mvuke wake unajaza nafasi ya hewa iliyo chini ya pistoni na kuisukuma nje. Vuta na kutoa mara tatu nne kwanza ili hewa ile ishibe mvuke, ndipo uvute kiasi unachokitaka. Zikiwepo pipeti ambazo pistoni yake inagusa kimiminika chenyewe bila hewa katikati, zitumieni hizo, iwe kwa asetoni au kwa gliserini.

Nimesema ya kutosha, na saa inanitazama. Pale kwenye meza ya dirishani nimeweka mizani, bika tupu kumi, na pipeti za mililita 10 kutoka kwenye droo zenu wenyewe. Maji yametolewa tangu jana jioni ili yalingane na joto la chumba, na kipimajoto kimo ndani. Nimeangalia sasa hivi: 25 °C. Kila mmoja atavuta mara tano na kuandika alichopata, bila kumwonyesha jirani yake. Mnajua tayari namba tunayoitafuta. Yule atakayepata 10.00 aje aniambie taratibu, nitamwomba avute tena nimwone.